Faiba Mpya, Ruta ya Marehemu

Jumatatu, 9 Machi

Kwa Shangazi wa Ukurasa wa Katikati,

Shangazi mpendwa, shikamoo, nishike mkono kwa hili kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi binti yangu na shemeji yangu wanakwenda kufanya fujo kwenye ofisi ya kampuni ya mtandao, na ofisi ile haina kosa, na anayejua kwamba haina kosa ni mimi peke yangu.

Mume wangu alifariki mwaka jana wakati wa mvua, na nyumbani tumebaki wawili, mimi na kitinda mimba wangu, ambaye kazi yake ni kuhariri video za matangazo, anazikata na kuziunga chumbani kwake halafu anazituma kwa wateja, na video hizo ni nzito kama magunia ya saruji, akituma moja anaweza kuoga, kupika, kula na kuosha vyombo na bado haijafika. Ndiyo sababu marehemu, alipokuwa mzima, alikwenda kutuandikisha tuletewe waya wa faiba, ule wa kasi ya mega elfu moja kwa sekunde, akarudi anachekelea, "Bibie, sasa tutapaa." Hakuuona. Waliuleta akiwa ameshatangulia, wakatoboa ukuta wa sebuleni, wakafunga kisanduku chao cheupe, na kutoka hapo tukauchomeka kwenye ruta yetu ile ile ya zamani.

Hiyo ruta ndiyo shida yangu. Aliinunua yeye, iko juu ya kabati la vyombo, imekalia leso yake aliyoikunja vizuri, na taa yake moja ilikuwa inapepesa ikinisumbua nikitazama taarifa ya habari, basi akaibandika plasta ya kidonda, ipo mpaka leo. Mtandao ukikatika alikuwa anaipiga kofi dogo ubavuni na kuiambia, "Amka, bwana mkubwa." Jina la waifai alilichagua yeye pia, VUA VIATU KWANZA, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa neno lake la mlangoni, mgeni awe mkwe awe fundi bomba, salamu baadaye, viatu kwanza. Nikirudi sokoni, nikifika tu getini, simu yangu inalikamata lile jina. Huwa nasimama pale kidogo na kapu langu nikilitazama, kisha navua viatu naingia.

Basi faiba ilipokuja tukapima kasi. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, anauza magodoro, lakini tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kutengeneza pasi ya umeme ikawaka. Akaja na simu zake mbili, akasema kipimo lazima kifanywe na wote kwa pamoja ili kusiwe na upendeleo. Akatupanga, binti na kompyuta yake chumbani, mimi jikoni na simu yangu, yeye sebuleni na simu moja kila mkono, anahesabu kama mwamuzi wa mbio.

"Moja, mbili, tatu, bonyeza! Shemeji, umebonyeza?"

"Nimebonyeza."

"Umepata ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa! Kwenye elfu nzima! Na wewe huko chumbani?"

"Ishirini na nne, baba mdogo."

"Wezi hawa! Wanatuibia mchana kweupe!"

Tukarudia jioni, mambo yakawa yale yale. Binti akapiga simu kampuni wakamleta fundi, lakini alikuja binti ametoka. Alivua viatu kabla sijasema neno, akaniambia ameona amri kwenye simu yake, nikampenda hapo hapo. Akachomeka kompyuta yake moja kwa moja kwenye kisanduku cheupe, akanionyesha mia tisa na thelathini na kitu. Akaichomeka kwenye ruta ya mume wangu, ikasoma tisini na nne. Akasema kwa upole, "Mama, faiba yenu nzima kabisa. Hii ruta ni ya zamani, matundu yake hayapitishi zaidi ya mia. Nina mpya kwenye gari, imo kwenye mkataba wenu. Niifunge?" Ameshanyoosha mkono kuing'oa, nikajisikia nasema, "Acha, mwanangu, usiiguse." Akaiacha. Nikampa maji ya kunywa, akaenda zake.

Binti aliporudi akauliza fundi kasemaje, nikamjibu, "Kasema watalishughulikia."

Sasa mtoto amechoka. Ameshaona chumba cha kupanga katikati ya mji. Ananiambia, "Mama, wateja wananikimbia, kule nitatuma kazi kama watu wengine wanavyotuma." Jumamosi anakwenda na Injinia kuvunja mkataba, mwisho wa mwezi anahama. Nikisema ukweli, ruta itang'olewa na lile jina litazimika getini. Nikinyamaza, binti anaondoka, nibaki na ruta na leso. Nifanye nini, Shangazi?

Ni mimi,
Mama wa Vua Viatu

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, dada yangu, na pole sana. Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikatafuta kitambaa. Sasa kaa vizuri tuzungumze.

Tuanze na huyo Injinia. Mrudishe kwenye magodoro yake. Vifaa vinne vikibonyeza kwa pamoja vinagawana njia moja, ni sawa na watu wanne kufungulia bomba zote za nyumba halafu kila mmoja alalamike maji yanatiririka kidogo. Na ninyi mliyagawana yaliyokwisha kubanwa na ruta! Kasi hupimwa na kifaa kimoja tu, simu nyingine zimetulia, televisheni imezimwa, kompyuta imechomekwa kwa waya ulio mzima, usiokunjwakunjwa chini ya mlango. Ukiona mia tisa na kitu, dada, hiyo ndiyo elfu yako. Kinachopungua ni uzito wa gunia, maana data nayo, kama mzigo wowote, husafiri na gunia lake. Hewani, bila waya, utapata pungufu zaidi, na huko jikoni nyuma ya ukuta ukipata mia mbili usinuniane na mtu. Pimeni asubuhi, pimeni tena jioni wakati mtaa mzima uko mtandaoni, na mtazame kasi ya kutuma pia, maana binti yako anakula kwa kutuma. Mkimaliza, atume video yake ya kweli, ya mteja wa kweli. Hicho ndicho kipimo ambacho hakina ubishi.

Haya, zamu yako. Nakugombeza kwa upendo, lakini nakugombeza. Kuna kijana wa watu aliyevua viatu mlangoni kwako, akakuonyesha ukweli kwa macho yako, na Jumamosi unaacha ofisi yake itukanwe mbele ya wateja. Kuna mtoto anafunga mizigo kwa sababu ya maneno mawili uliyomficha. Na mumeo je? Faiba ameiagiza nani? Si yeye? Mzigo wake umefika, na wewe umesimama mlangoni hutaki uingie.

Sasa sikia jambo ambalo ungemuuliza yule fundi ungelala usingizi mzuri. Jina la waifai ni maneno ya kuandikwa tu, yanahamishika kama unavyohamisha picha ukutani. Ruta mpya iandikwe VUA VIATU KWANZA, herufi zile zile, na neno la siri lile lile la zamani. Ukifika getini simu yako italikamata kama jana, wala haitajua kama kuna kilichobadilika.

Kwa hiyo usingoje Jumamosi. Leo hii mwambie binti yako kila kitu, na leso, na plasta, na kofi la ubavuni. Mpigieni fundi arudi, na safari hii mpe kitu kizuri zaidi ya maji. Ruta ya marehemu ipanguse vumbi uirudishe juu ya kabati mahali pake, haidai umeme wala haimbani mtu. Na binti akitaka kuhama, ahame kwa sababu zake mwenyewe, asihamishwe na tundu la ruta.

UJUMBE ULIOTUFIKIA BAADAYE

Shangazi, nilimwambia siku ile ile gazeti lilipotoka, tukinywa chai. Nilitegemea anipandishie sauti. Alizungusha kijiko, kisha akasema, "Mama, hata mimi huwa nasimama pale getini."

Mimi sikuwahi kujua.

Jumamosi fundi akaja. Binti ndiye aliyeandika jina, mimi nikamtajia neno la siri, maana marehemu alikuwa akiliingiza mwenyewe kwenye kila simu bila kulitaja, nalo lilikuwa jambo letu mimi naye, silisemi hapa, ila mtoto alinitazama akacheka mpaka akakaa chini. Kwa waya tukapata mia tisa na arobaini. Sebuleni kwa simu, mia tano na ushee. Jikoni kwangu mia mbili, na sijanuniana na mtu. Video ya mteja binti aliituma akaenda kuoga kama kawaida yake, na kabla hajaona taulo liko wapi ikawa imefika. Habari ya kile chumba cha mjini haijatajwa tena, nami siiulizi.

Injinia alikuja jioni na simu zake mbili, akasimama mlangoni anazitazama. "Shemeji, mbona jina lake bado lipo?"

"Lipo. Viatu."

Akavua.

Shangazi, ukipita mtaa wowote na simu yako ikakuambia uvue viatu, unikumbuke.