Pinki Chini ya Njano

Jumatatu, 3 Machi

Mdomo wangu utaniponza. Mkutanoni Mama Meneja aliweka boksi mezani: tingatinga la plastiki la kuunganisha, nakala ndogo ya mashine ya kwanza ya kampuni. Ni zawadi ya Mwenyekiti, mzee aliyeanzisha biashara hii ya kukodisha mashine, atakapokuja kufungua yadi mpya tarehe 21. Mama akauliza nani ana mkono mtulivu wa kulipaka rangi. Kila mtu akatazama kalamu yake. Kisha sauti ikasema, mimi huwa napaka hivi vitu nyumbani. Ilikuwa sauti yangu!

Mkono mtulivu — mimi, ninayetetemeka nikigonga muhuri. Na bado niko kwenye miezi ya majaribio. Mwisho wa mwezi Mama Meneja ndiye atakayesema kama nabaki au naondoka. Mhasibu (tunamwita Redio, hazimiki) amekwisha kunishauri nianze kuaga mapema.

Jumatano, 5 Machi

Vipande vyote vimeunganishwa. Hilo halijawahi kunishinda. Rangi ndiyo mtihani. Muuzaji wa duka la rangi alinipa akriliki ya njano, akaisifia sana. Nikaogopa kuuliza zaidi. Nyumbani — maji matupu! Niliijaribu kwenye kijiko cha plastiki. Ikakimbilia pembeni, katikati ikaacha upara. Ndipo nikasoma maandishi madogo: ya kupulizia kwa bunduki ya rangi. Imeongezwa maji tangu kiwandani. Mimi nina brashi tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi dukani. Nikajikaza kisabuni, nikauliza: ipi ni ya brashi? Muuzaji hakucheka. Akatoa nyingine, nzito kama mtindi, akanifungulia niitazame kwenye mwanga. Rangi tele ndani. Maji nitaongeza mwenyewe, tone kwa tone. Nikachukua na brashi pana, laini. Ile yangu ya zamani huacha michirizi kama shamba lililolimwa. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumapili, 9 Machi

Vijiko vyote vya plastiki vya dada yangu vimekuwa vya njano. Naishi kwake, ni msusi. Ameuliza kama wageni wake watakoroga chai kwa vidole.

Lakini njano gani? Hapo ndipo ninapokosa raha. Mashine za yadini ni njano ya ndimu mbivu, iliyopauka. Ila kofia ngumu ya Mwenyekiti ya siku za mashine ile ya kwanza, inayoning'inia pale mapokezi, si ndimu. Juzi niliigeuza. Chini ya mkanda wa ndani, mahali jua halijafika, ni kiini cha yai.

Na njano ni rangi dhaifu. Haifichi kitu, kilichoko chini yake lazima kichungulie. Juu ya kijivu inageuka kijani-kijani — njano ya mgonjwa. Juu ya nyeupe, ndimu ileile ya yadini. Nikajaribu juu ya pinki, sijui nani alinituma. Kijiko kilipokauka, nikakisogeza kwenye taa. Dada akapita, akasimama, akakiinua. "Mdogo wangu," akasema, "hiki ukikipasua kitatoa kifaranga."

Jumatatu, 10 Machi

Nilifika kazini kabla ya wote, kijiko mfukoni. Nikakilaza ndani ya kofia. Kikapotea! Nilikipapasa kwa kidole ndipo nikakipata. Nikacheka peke yangu pale mapokezi, kisha nikaogopa mwangwi.

Jumatano, 12 Machi

Tingatinga zima ni pinki. Mikono miwili myembamba ya rangi, mmoja juu ya mwingine, na katikati drai ya nywele ya dada kwa upepo wa baridi. Nililiweka dirishani. Jirani ameuliza kama dada amejifungua mtoto wa kike.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya. Kisha si mbaya.

Mama Meneja alitaka kuona nilipofikia. Akalifungua boksi mbele ya ofisi nzima. Redio ndiye aliyeanza: akauliza hilo linachimba udongo au linapaka watu kucha. Ofisi ikavunjika mbavu. Mama hakucheka. Akaagiza nimpelekee fundi wa rangi za magari alipulizie njano, leo hii. Siku zote huwa nasema ndiyo Mama kabla hajamaliza.

"Hapana, Mama," nikasema. "Atapaka nyeupe kwanza, litoke ndimu. Niachie mpaka Jumatano."

"Na Jumatano likibaki hivi?"

"Basi usinithibitishe kazini."

Redio akazimika. Mama akafunga kifuniko polepole, akanirudishia boksi. Nilikwenda msalani nikashika sinki kwa mikono miwili. Nimesema hapana! Mimi!

Jumanne, 18 Machi

Mkono wa kwanza wa njano: aibu. Madoa, pinki inachungulia kila kona. Vidole vilinisumbua nirudie. Nikajizuia — ukirudisha brashi kabla haijakauka, unang'oa hata ulichopaka. Nikaiacha, nikaenda kuosha vyombo. Mkono wa pili: aibu kidogo. Wa tatu: likaanza kuwaka. Wa nne nimeupaka leo asubuhi kabla ya kazi, brashi ikienda upande mmoja tu. Jioni hii vanishi. Nimeligeuza pande zote kwenye mwanga. Hakuna mchirizi hata mmoja. Hata mmoja!

Jumatano, 19 Machi

Mama Meneja aliligeuza, akaligeuza tena. Akasema, "Mh." Redio ameniuliza kama nina nafasi ya kupaka gari lake.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika upesi, mezani kwangu, kabla mkono haujasahau.

Mwenyekiti alilipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto. Akalitazama. Akatazama mashine zilizopangwa yadini. Akalitazama tena.

"Hii ndiyo njano yangu," akasema. "Hizo huko nje, nani kazikamulia ndimu?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Anataka mashine zote zirudishiwe rangi hii. Akauliza nani kapaka. Mama Meneja akanishika bega, akasema, "Karani wetu, Mzee." Wetu!

Sasa Mzee ameondoka, na fundi wa rangi za magari ameitwa. Amekaa mbele yangu, bunduki yake ya rangi mapajani, anataka kujua anaanza na rangi gani. Nimemwambia. Akanitazama. Akamtazama Mama.

"Zote?" Mama akaniuliza.

"Zote, Mama. Mikono miwili."

"Yadi nzima ya pinki? Hapo barabarani, watu wanapita?"

"Mpaka ikauke."

Amekwenda dirishani. Redio amejificha nyuma ya kabati la mafaili, mabega yanamtingishika kwa kicheko. Mwanzoni mwa mwezi ningekwisha kusema basi Mama, hata nyeupe itafaa. Midomo yangu naijua, ilishaanza kujiandaa. Nimeifunga.

Mama bado amenipa mgongo. Anazihesabu mashine kwa kidole, moja moja, kwenye kioo. Fundi ananinong'oneza nibadilishe mawazo mapema, yeye ana heshima zake mjini. Natikisa kichwa. Mama amefika mwisho wa mstari, na anaanza kuhesabu upya —