Kuni za Nathanaeli

Suji,
14 Januari 2024

Mpwa wangu Asteria,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio. Siku hizi hata kengele ya kanisa siisikii, nangoja nione watu wanapita ndipo najua imelia. Simu uliyoninunulia naitumia kutazamia saa. Kwa hiyo usichoke na barua zangu, kondakta wa gari letu amenizoea na hajapoteza hata moja. Je, kile kifua kilichokusumbua Krismasi kimepoa?

Kuna jambo halinipi utulivu. Jumanne mbuzi watatu wa jirani yetu Ruthi walikufa kati ya asubuhi na saa saba mchana. Walianza kuhara, miguu ya nyuma ikatetemeka, wakalala na hawakuamka. Bwana mifugo alisema huenda wamekula majani mabaya. Mimi sikuridhika, maana mbuzi wa nne alikuwa amefungwa kamba palepale penye majani, naye ni mzima. Tofauti ni kwamba wale watatu walikuwa wamelamba majivu nyuma ya jiko. Ruthi anasema wanayapenda mno, ukiwafukuza wanarudi, kama vile yametiwa chumvi.

Nikaenda kuziangalia kuni. Ni vipande vya mti mnene, vimekatwa kwa msumeno, na vina rangi ya kijani iliyopauka inayoingia mpaka ndani. Nathanaeli mwanawe ndiye anayemletea. Akipita Makanya, kule chini barabara kuu, na lori lake anavishusha, na gari la kupanda huku linavimalizia safari. Ruthi anapikia, na nyingine amepanga kuchomea tofali za nyumba. Majirani tumefaidika pia. Mimi nilipewa debe zima la majivu, nikayachanganya na maharage yasiingie wadudu, na maharage hayo nimekuwa nikiyala tangu Novemba.

Kipande kimoja kina alama iliyogongwa kwa chuma. Nimekuchorea hapo chini. Wewe ndiye unayeshinda kwenye kiwanda cha nguzo, niambie ni nini.

Mjomba wako,
Hezroni

*

Kiwandani,
22 Januari 2024

Mjomba, shikamoo.

Kifua kimepoa, namshukuru Mungu. Barua yako niliisoma nimesimama getini, na tangu siku hiyo sijakaa nikatulia.

Tafadhali usile tena maharage hayo, hata ukiyaosha mara kumi. Usiwape kuku. Mwambie Mama Nathanaeli asichome tena hata kipande kimoja, wala asikae penye moshi wake. Alama uliyochora ni ya kiwanda chetu. Nguzo za umeme zinaingizwa kwenye mtungi mkubwa, zinashindiliwa dawa mpaka kwenye kiini ili mchwa wasizile. Ndani ya dawa hiyo mna arseniki, ambayo ni sumu ya kuua. Moto hauiondoi. Inabaki kwenye majivu, tena ikiwa kali zaidi, na ni kweli ina ladha ya chumvi.

Vipande vinavyokatwa kwenye ncha haviruhusiwi kutoka ovyo. Kila mwezi vinapakiwa kwenye lori la wakala mwenye kibali, vipelekwe mkoa wa Pwani kwenye tanuri maalumu. Dereva wa lori hilo ni Nathanaeli. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Na anayesaini kitabu cha getini kwamba mzigo umetoka na umefikishwa ni mimi.

Jana nilifungua kitabu nikaangalia kilomita. Pwani kwenda na kurudi ni kama mia tano. Lori linarudi limetembea mia mbili themanini, kila safari, mwaka mzima. Nilikuwa naziandika namba hizo kwa mkono wangu mwenyewe na sikuwahi kuzitoa moja kwa nyingine.

Kuna jambo lingine. Lori lile halibebi vipande tu. Linabeba pia mapipa ya bluu ya tope linalobaki chini ya mtungi, na tope ndilo baya kuliko vyote. Kama vipande viko kwenu, Mjomba, mapipa yako wapi?

Usimwambie bado Mama Nathanaeli habari za mwanawe.

Mpwao,
Asteria

*

Suji,
4 Februari 2024

Mpwa wangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Maharage nimeyafukia kwenye shimo la kina changu, mbali na mfereji. Tumbo, ambalo sikukuambia kuwa linanisumbua, limetulia kiasi. Ruthi si mzima. Alinitii nusu: jikoni aliacha, lakini tanuri la tofali lilikuwa tayari linawaka na hakuwa na moyo wa kulizima. Sasa nyayo zinamfa ganzi, anasema anatembea kama aliyevaa viatu vya mtu mwingine. Nilimpeleka hospitali. Nilimwonyesha daktari barua yako, akaisoma mara mbili, akachukua mkojo na nywele zake wapeleke kupimwa.

Kisha nikashuka Makanya kutafuta mapipa yako. Nilibeba daftari na kalamu, kwa kuwa nisemeshwapo sisikii. Nimegundua kitu, Asteria. Mtu akiulizwa jambo mbele za watu anaogopa kusema, lakini ukimpa daftari anainama na kuandika. Husna, mwanamke anayepika chai pale stendi, aliandika mistari minne: lori lenye turubai jeusi linakuja Alhamisi ya mwisho wa mwezi, linakata kushoto kuelekea mashimo ya zamani ya jasi, linakaa saa moja, linarudi jepesi.

Nilikwenda kwa miguu. Ni korongo refu, kavu sasa hivi. Mapipa yamelala chini kama ng'ombe waliokufa kwa ukame. Niliyahesabu, ni ishirini na tisa. Manne yamepasuka. Penye ufa pametoka kitu kama uji uliokauka, kijani na manjano, na kandokando yake sikuona hata sisimizi. Maji ya masika yakishuka kutoka huku juu, yanapita korongo hilohilo kabla ya kufika kwenye ndiva wanakokingia maji ya mashamba ya chini, na kule wanakunywa pia.

Masika ni mwezi ujao.

Mjomba wako,
Hezroni

*

Kiwandani,
12 Februari 2024

Mjomba, shikamoo.

Pole kwa mwendo, na mpe Mama Nathanaeli pole yangu. Nimekuwa nikiandika barua hii na kuichana.

Kitabu kinasema mapipa yaliyotoka ni arobaini na moja. Wewe umeona ishirini na tisa. Kumi na mawili hayapo.

Nilimngoja Nathanaeli nje ya geti. Mwanzoni alikana, kisha nikamweleza habari za mbuzi na za miguu ya mama yake, akakaa chini kwenye changarawe. Alisema wakala ndiye aliyemwelekeza korongoni tangu safari ya kwanza, kwamba Pwani ni mbali na mafuta hayatoshi. Vipande aliviona ni kuni nzuri zinatupwa, akamkumbuka mama yake anavyopanda na mzigo kichwani. Mapipa kumi na mawili aliyamwaga akayasuuza, akayauza njiani kwa watu wa kuwekea maji. Nilianza kumfokea. Akaniangalia akasema:

"Dada, wewe ndiye uliyeniambia ni takataka za mbao."

Na ni kweli. Siku ya kwanza aliniuliza amebeba nini, nami nikamjibu hivyo, kwa kuwa nilikuwa na haraka.

Nilimpelekea meneja suala la kilomita. Akanisikiliza kwa upole, akaniambia niendelee kusaini kama kawaida, na jioni ile kitabu kikachukuliwa. Lakini kurasa zote nilikuwa nimezipiga picha. Nimeonana na mkaguzi wa mazingira. Anasema picha zinasaidia, ila bila kumtaja dereva na njia aliyopita, wakala atasema mapipa si yake. Na nikimtaja, Nathanaeli ndiye atakayekamatwa kwanza.

Mjomba, mama alipofariki nikiwa na miezi mitatu, Mama Nathanaeli alininyonyesha mimi titi moja na mwanawe jingine. Siwezi kuandika jina lile bila yeye kujua. Wala siwezi kukaa kimya mvua ikishuka. Nifanye nini?

Mpwao,
Asteria

*

Suji,
20 Februari 2024

Asteria,

Leo salamu fupi. Nilikwenda kwa Ruthi jana asubuhi. Nilimkuta amekaa mlangoni ameloweka miguu kwenye beseni. Sikujua pa kuanzia, kwa hiyo nikampa barua yako aisome mwenyewe. Aliisoma polepole kwa kidole. Alipofika mwisho alirudi katikati, pale pa kuuza mapipa. Kisha akaikunja, akanirudishia, akaingia ndani kukausha miguu. Nikadhani nimefukuzwa, nikaondoka.

Leo alikuja kwangu, na unajua njia ile ilivyo na mawe. Alichukua daftari langu mwenyewe, akaandika, na huku anaandika midomo yake inasema. Nakunakilia kama ilivyo:

"Mwambie aandike jina la mwanangu. Aliandike lote, Nathanaeli Zephania, lisikosewe akakamatwa mtoto wa mwingine. Na langu aliandike, maana hizo kuni nilizichoma mimi na majivu nikawagawia watu."

Ndivyo alivyosema. Sasa anapita nyumba kwa nyumba kuwaomba wayarudishe majivu. Wengine wanamtukana. Mimi naenda naye. Matusi hayanifikii, na yeye amenishika mkono.

Fanya haraka.

Mjomba wako,
Hezroni

*

Suji,
31 Machi 2024

Asteria mwanangu,

Hii ni barua ya tatu mwezi huu bila jibu. Kondakta anasema hakuna aliyempa chochote. Kama unaumwa, tuma neno. Kama umekasirika, tuma hilo pia.

Nakueleza tena, huenda zile mbili zilipotea. Tarehe tisa wakaguzi walifika korongoni wamevaa mavazi meupe, wakayatoa mapipa yote ishirini na tisa na viroba vya udongo uliogeuka rangi. Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe kumi na tatu. Nilisimama juu ya ukingo nikayaangalia maji yakipita. Yalikuwa mekundu kama yalivyo siku zote, lakini siku hizi rangi ya maji hainiambii kitu. Wamewazuia watu wa chini wasinywe mpaka wapime.

Nathanaeli alikamatwa, na wakala pia. Majibu ya Ruthi yamekuja: sumu imo mwilini, ila daktari anasema ikikomea hapo ataishi, miguu ndiyo hana uhakika nayo. Anatembelea fimbo. Kila Jumapili ananiuliza kama umeandika, na kila Jumapili natikisa kichwa.

Nisamehe kama ushauri wangu ndio uliokuponza.

Mjomba wako,
Hezroni

*

Hedaru,
20 Mei 2024

Mjomba, shikamoo. Shikamoo na Mama Nathanaeli.

Nisameheni. Barua zako zilikuwa zinakwenda kiwandani, na mimi kiwandani sipo tangu Machi mosi. Walinifungia geti mchana wa siku niliyotoa maelezo kwa mkaguzi, na vitu vyangu vikapitishiwa juu ya ukuta. Wiki iliyopita mlinzi mmoja alinitafuta akanipa zote tatu kwa pamoja. Nilikuwa nikihojiwa kila mara, mara kama shahidi, mara kama mshtakiwa, kwa sababu ya sahihi zangu. Bado sijui nitaishia upande gani. Sikukasirika, Mjomba. Nilikuwa naona aibu kuwaandikia.

Nathanaeli yuko nje kwa dhamana, na tuko naye pamoja. Wakaguzi waliahidi kuyafuata yale mapipa kumi na mawili wiki ijayo, na wiki ijayo ikapita mara mbili. Watu wanakunywa humo kila siku, kwa hiyo tumeanza wenyewe. Tunashuka kituo hadi kituo tukiwa na karatasi ya mkaguzi, tunamwona mwenyekiti wa kijiji, halafu Nathanaeli anajaribu kukumbuka nyumba. Mengine hayakumbuki. Mengine yamekwisha kuuzwa tena.

Leo tumefika kwa mama mmoja anaitwa Ernesta, anayelea wajukuu wanne. Pipa liko chini ya mchirizi wa bati, limejaa mpaka juu, maji meupe kabisa. Alitukatalia. Alituambia maji ya bomba anayapata mara moja kwa wiki, na sumu gani hiyo inayokaa mwaka mzima bila kuua mtu. Nilimweleza kuhusu arseniki kama nilivyofundishwa, naye akawa ananitazama kama mtu anayengoja mvua ipite. Nathanaeli akasogea mbele yake akasema:

"Ni mimi niliyekuuzia, mama. Mama yangu mzazi hasikii tena miguu yake."

Yule mama akamwuliza mjukuu wake mdogo kama zile ndoto za miguu kuwaka moto bado anaziota, na mtoto akaitikia kwa kichwa. Mama Ernesta akalisukuma pipa kwa bega lake mwenyewe, hakutaka tumsaidie. Maji yalifika mpaka barabarani. Tumemwachia madumu mawili tuliyokuwa nayo, na kesho watoto wanapelekwa hospitali na mwenyekiti.

Mwambie Mama Nathanaeli kwamba mwanawe anakula vizuri, ila usingizi hana. Mwambie nitakuja tukimaliza, au wakinifunga kabla ya hapo, aje yeye anione.

Tumepata matano, yamebaki saba. Nakatiza hapa, Nathanaeli amesimama ng'ambo ya barabara ananiita kwa mikono yote miwili. Kuna mtu amemwambia ameona pipa la bluu lenye bomba, liko kwenye uwanja wa shule, na saa ya mapumziko imekaribia.

Mpwao,
Asteria