Mama Waya na Vituo Vitatu vya Mashariki

Mwaka umetimia leo tangu ututoke. Saa moja kasorobo asubuhi muuguzi wa zamu alikushika mkono, akatazama saa yake, akaandika. Baba alikuwa amekaa upande wa dirisha. Mjomba alikuwa ametoka kununua maji.

Mama, sisi wanao tunaandika yale tu tuliyoyaona au kuyasoma kwa mwandiko wako. Hukupenda mtu aseme asichokipima.

Kwa miaka ishirini na sita ulitafuta joto lililo chini ya ardhi bila kuchimba zaidi ya shimo la kufika magotini. Ulifukia koili ndefu za nyaya za shaba zilizozungushwa na vyungu vidogo vinne vya maji ya chumvi, ukaunganisha waya kwenye kisanduku cha kurekodia, ukaviacha siku nzima vipokee mawimbi ya umeme na sumaku yanayopita ardhini yenyewe. Mwamba mkavu hupitisha umeme kwa shida. Udongo uliopikwa na maji moto huupitisha kwa wepesi, na ukiukuta umelala kama kifuniko, chini yake huenda pana mvuke. Neno "huenda" hukukubali tuliruke.

Wenye mashamba walikuita Mama Waya. Bibi mmoja alikuuliza siku tatu mfululizo kama unazika au unafukua. Ulimjibu, "Nasikiliza, bibi. Ukininyamazia kidogo nitasikia vizuri zaidi." Alicheka, akaenda kukuletea kigoda.

Kabla ya kushika dira ulipitisha beseni la bluu. Simu, funguo, mikanda yenye vyuma, vyote viliingia humo na kupelekwa mbali, kwa sababu chuma huvuta sindano. Siku mkuu wa mradi alipotembelea, alizunguka shamba zima ameshikilia suruali. Nyumbani hukuwa na nafuu. Pimamaji uliyotumia kulazia koili ilikaa kwenye mkoba wako, na mashemeji walizoea kuacha chakula kipoe huku ukikunja karatasi ya kuweka chini ya mguu wa meza yao.

Miezi minne kabla hujafariki, mguu wako wa kushoto ulianza kufa ganzi. Ulimwambia Baba kiatu ndicho kibovu. Baba ni fundi viatu. Alikibadilisha soli mara mbili. Mara ya pili alikigeuza geuza, akakutazama, akakurudishia. Kazini alijua Mjomba peke yake, mdogo wako, aliyekuwa dereva wa kikosi chako. Ulimwomba aegeshe gari karibu na shimo ili usitembee. Alifanya hivyo kwenye vituo vitatu vya kupimia vya mashariki: cha kumi na saba, cha kumi na nane na cha kumi na tisa.

Ramani ilipotoka, kifuniko cha udongo kilionekana kimeelekea mashariki, na mahali pa kuchimba pakapigiliwa kigingi chekundu. Mtambo wa kuchimba ulitarajiwa baada ya wiki tano. Kila mtu aliridhika isipokuwa wewe, kwa sababu vipimo vya vituo hivyo vitatu havikuelewana na vya majirani zao. Ulitoa picha. Tangu mwaka wa kwanza wa kazi hukufukia shimo kabla ya kulipiga picha. Katika zote tatu, pembeni, lilionekana gurudumu. Ulikuwa umewavua watu mikanda, kisha ukasoma dira hatua nne kutoka kwenye tani tatu za chuma. Koili ulizozielekeza kaskazini hazikuelekea kaskazini.

Ulituonyesha picha hizo Jumapili mchana, baada ya vyombo kuondolewa. Kukiri kosa kulimaanisha kueleza kwa nini gari lilikuwa pale, na kueleza kulimaanisha kuondolewa kazini. Kunyamaza kulimaanisha kisima cha karibu kilomita mbili kwenda chini, mahali ambapo hapakuwa na uhakika. Mjomba alijitolea.

"Dada, sema niliegesha vibaya. Dereva akikosea hakuna anayeshangaa."

"Gari uliegesha wewe, dira niliisoma mimi. Wakiniuliza kama sikuliona, nijibu nini?"

"Sema hukuliona."

"Tani tatu?"

Barua yako ilikuwa ya ukurasa mmoja: kosa, vituo, sababu, ombi. Mkuu wa mradi aliuliza kama hesabu zingeweza kurekebisha. Ulimjibu kwamba hesabu hutaka kujua sindano ilivutwa kiasi gani, na hilo hakuna aliyelijua. Hakufoka. Alimweka mtaalamu mwingine mahali pako, akakuamuru uende hospitali, akatoa siku kumi za kupima upya. Mjomba aliliacha gari barabarani, hatua mia tatu, akabeba betri begani.

Hospitalini walikuta uvimbe kwenye uti wa mgongo. Daktari alisema kama ungekuja mapema pangekuwa na nafasi. Hakusema nafasi kiasi gani, nasi hatukisii.

Ramani mpya uliiona wodini, kwenye kompyuta yangu. Kifuniko kilikuwa kimerudi magharibi. Uliikuza, ukaipunguza, ukarudia. "Sasa vinaelewana," ulisema, ukaomba nikuinulie mto. Kigingi kilihamishwa mita mia saba. Siku kumi na tisa baadaye ulifariki.

Pale pa kwanza hapajachimbwa, kwa hiyo hatuwezi kusema pangekuwa na nini. Pale pa pili pamechimbwa. Kwa kina cha mita 1,840 kipimajoto kilisoma nyuzi 263. Mjomba alitusomea namba hizo kwenye simu mara mbili, taratibu, kama mtu anayesoma imla, kisha akakata bila kuaga.

Jumanne ya wiki iliyopita tuliitwa kushuhudia kisima kikifunguliwa. Tuliosimama nyuma ya kamba ndio sisi ambao hatujapitisha siku bila kukutaja, na hatutarajii kuipitisha: Baba mume wako, Mjomba mdogo wako, mimi binti yako wa kwanza, mdogo wangu wa kiume na mkewe, na mjukuu wako, aliyezibwa masikio kwa pamba. Saa tano na dakika kumi asubuhi valvu ilifunguliwa. Mvuke ulitoka.