Kabati la Bibi Harusi Nyuma ya Tela

Jumatatu, 4 Agosti

Nimetoka kazini, nimefua, nimepika, kisha Mwanakwerekwe kwa fundi kufungiwa ndoano ya kuvutia tela. Gari yangu ndogo, ya kunipeleka kazini na kunirudisha. Alhamisi itavuta kitanda, friji na kabati mpaka Uroa, anakoolewa Rukia, binti wa mdogo wangu Asha. Aliyeamua haya si mimi. Ni Makame, kitinda mimba wetu, mtu mzima wa miaka arobaini. Kaazima tela kwanza, kaniuliza baadaye.

Fundi mtu wa maana. Kanieleza mara mbili. Mzigo mzito ukae mbele kidogo ya magurudumu ya tela, usikae nyuma. Ukikaa nyuma, tela huinua makalio ya gari na kuanza kuiyumbisha. Cheni mbili zipishane chini ya ndoano. Taa zijaribiwe. Mwendo arobaini, usizidi. Na ikiyumba, usikanyage breki ghafla: toa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa. Nimeyaandika yote nyuma ya risiti.

Jumanne, 5 Agosti

Makame kaicheka risiti yangu. Anataka kabati lisimame nyuma kabisa, vioo viangalie barabara. Vyombo vya bibi harusi hupelekwa vionekane. Ndiyo maana hupelekwa mchana, na akina mama nyuma wakipiga vigelegele. Hilo najua. Vyangu vilipita mtaani vichwani mwa watu, mpaka mito. Lakini watu wana shingo, wanausikia mzigo wao. Tela haina shingo.

"Dada, kabati la milango mitatu, unataka tulifiche kama la wizi?"

Asha kamuunga mkono. Nimekasirika hata nimeunguza wali.

Jumatano, 6 Agosti

Leo wamezidi. Makame anasema atapanda kwenye tela alishike kabati. Kwa mikono! Kabati lililowatoa jasho wanaume wanne. Nimesema mbele ya wote: akipanda mtu juu ya tela, siendeshi. Ataanguka, atakufa, na mimi ndiye nitakayemzika. Asha akalia, eti namchuria mwanawe, namtakia mkosi harusini. Mimi, niliyemlea Rukia mgongoni.

Nimeondoka bila ya kuaga. Wakatafute punda.

Alhamisi, 7 Agosti

Naandika yote, kama yalivyokuwa.

Asubuhi nilikuta wameshapakia. Mbele magodoro na mbao za kitanda. Nyuma friji na kabati. Makame juu, kanzu mpya, kamba mkononi. Nusu ya mtaa wa Kikwajuni iko nje inatazama. Nilisema siendeshi. Niliendesha. Niliona haya, basi. Sina sababu nyingine.

Mpaka Mwera nilikwenda polepole. Nyuma ya gari kulikuwa kwepesi, kama kunaelea. Nilijua maana yake. Basi dogo la akina mama likawa linanipigia honi. Lilipopata nafasi likaja ubavuni, Asha akatoa kichwa dirishani. "Dada Zuhura, tunakwenda harusini au mazikoni?" Basi zima likacheka.

Hasira zikanipanda. Wanataka mbio, wapate mbio. Nikakanyaga mafuta. Sitini. Sabini. Tulipopita Dunga, kwenye mteremko, tela ikaanza. Kushoto, kulia, kushoto, na gari inafuata. Nikatoa mguu. Nikashika usukani. Gari ilibaki barabarani.

Kabati halikubaki. Lilikwenda na Makame.

Yu hai. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Mbavu nazo. Daktari anasema angeangukia kichwa tungekuwa tunazungumza mengine.

Ijumaa, 8 Agosti

Ndoa imefungwa baada ya sala. Sikula kitu.

Wote wanasema jicho. Kabati lilikuwa zuri mno, kuna aliyelitazama vibaya. Asha kafukiza ubani nyumba nzima, mpaka chooni. Jirani mmoja amemjua hata mwenye jicho lenyewe, mwanamke wa Mwera aliyesimama kando ya njia na kikapu chake. Maskini wa Mungu, kosa lake kutazama alichopitishiwa atazame. Hakuna anayelitaja friji. Hakuna anayetaja mtu kupandishwa juu ya tela. Nimewachukia wote, na pilau lao.

Kisha ami yake bwana harusi kaja kunipa pole. Kanisifu. Kasema lau si mimi kushika usukani vile, gari nzima ingepinduka. Watu wakaitikia. Nikasema ahsante.

Nimesema ahsante! Jicho la yule mwanamke limenifaa na mimi. Nawatukana wenzangu waongo, na mimi nimekaa katikati yao nakunywa chai. Najichukia kuliko ninavyomchukia Asha.

Jumapili, 10 Agosti

Hospitali, saa kumi. Asha alikuwa Uroa kwa mwanawe. Tulikuwa mimi na Makame tu.

Nimemwambia. Kwamba halikuwa jicho. Kwamba niliona gari inaelea, nilijua, na bado nikakanyaga mafuta kwa hasira za kuchekwa.

Alitazama dari.

"Hata mie nlijua, Dada. Tangu Mwera nnaiona tela inatikisika. Nlitaka nkugongee usimame. Watu wakinipungia mikono. Nkaona haya."

Feni ilikuwa inazunguka. Nikatoa chungwa mkobani, nikalimenya. Mkono wake umo ndani ya plasta, kwa hiyo nilimlisha, kipande kimoja kimoja, na kokwa akinitemea kiganjani.