Alama Kwenye Ekzosi

Gereji ya nyuma ya nyumba,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kaka,

Hujambo huko uliko? Na mguu je, bado unakusumbua baridi ikizidi? Wifi na watoto wanaendeleaje? Sisi huku wazima. Mimi tu ndiye nisiyetulia. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya tenki la pikipiki yako.

Bolti na klempu za kufungia ekzosi, bomba lako la moshi, nimepata, ila zimenitoa jasho. Kila duka wanaapa ni stenlesi isiyoshika kutu, kumbe chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha. Mvua ya kwanza tu, kutu hiyo. Sasa natembea na sumaku mfukoni. Ikinata, naaga. Muuzaji mmoja akiniona hujifanya anapanga mzigo.

Cheche, yule fundi wa kuchomelea, aliliunga bomba vizuri, akanishauri niliache na mistari yake ya msasa, maana likiwa kioo kila mkwaruzo utaonekana. Nikamwambia kaka anataka kioo, na kaka ni mbishi. Nimesugua mpaka mabega yakagoma. Nilipojiona ndani ya bomba, nywele timtim, nikajua kazi imeisha.

Kuhusu mama, bado. Tangu uanguke na pikipiki alikuwa hajakanyaga gereji, na yenyewe anaiita "lile dude". Juzi nilimwambia unakuja mwezi ujao kuiendesha, akaendelea kukata vitunguu kama hajasikia. Najua hilo ndilo linalokukosesha raha, si ekzosi. Hata mimi linanikosesha.

Sasa sikia. Jana nafunga nati ya mwisho, nikaona mtu mlangoni. Mama, katoka jikoni moja kwa moja, mikono ina mafuta ya kupikia. Salamu hakuna. Akaweka kiganja chote juu ya bomba, akakiacha hapo kama anayempima mtoto homa.

"Ndiyo hili?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Akaondoka.

Kaka, nilichanganyikiwa. Badala ya kulifuta bomba kwa spiriti kama fundi mwenye akili zake, nikawasha injini. Unaijua stenlesi: moto wa kwanza unakaangia humo humo kila kilichoigusa. Bomba likaanza kuwa la dhahabu, na katikati ya dhahabu kikatokea kiganja cha mama, vidole vyote, hudhurungi, mafuta ya kupikia yaleyale.

Tangu hapo ni kwenda na kurudi. Nachukua dawa ya kung'arishia, naiweka chini. Nikifuta, kioo chako kinarudi. Nikiacha, utasema nimekuharibia. Na kufuta mkono wa mama, moyo unakataa.

Leo asubuhi alikuja tena, akanikuta na kitambaa mkononi. Akainama, akaitazama alama ya mkono wake. Nikamwambia, "Nafuta sasa hivi, mama."

"Acha," akasema. "Kila akipanda auone. Apunguze mwendo."

Kisha akauliza unafika siku gani, na kama unakuja na wifi na watoto. Nikasema nitakuuliza, na tangu hapo keshauliza tena mara mbili. Tafadhali andika upesi.

Shangazi anakusalimu, anataka kujua kama umenenepa. Nibusie watoto, mwambie wifi nimemkumbuka. Mungu akufungulie njia, akufikishe kwetu mzima.

Kitambaa nimekiweka chini.

Ni mimi nikupendaye,
Mdogo wako, fundi wa nyumbani.