Mgeni wa Figo

Gugulethu, Cape Town
3 Septemba 2006

Dada Nokwakha,

Leo natimiza miaka ishirini na tisa tangu nitoroke Tsolo polisi wa makaburu wakinisaka. Hujambo? Magoti yanakuitikia? Mimi mzima, ila uzima wenyewe siuelewi.

Mwezi uliopita niliwekewa figo ya kijana aliyekufa kwa ajali ya gari. Miaka kumi na miwili mashine imenisafisha damu mara tatu kwa wiki, na huko kwetu mashine hakuna. Ndiyo iliyonifunga huku hata polisi wale walipokwisha. Sasa sina mashine! Niliuliza jina la kijana, hawasemi. Muuguzi akacheka: "Tata, baba yangu, kama unataka kushukuru, shukuru mkojo wako."

Desemba nitalala katika nyumba ya baba.

Mdogo wako,
Mzimasi

Tsolo
27 Septemba 2006

Mdogo wangu, Mpinga, kama ukoo wetu unavyoitwa,

Salamu nimepokea. Magoti yananituma niyatukane, basi. Nimelia kwa furaha, halafu nikashtuka: unachukua figo ya mtu, yeye unamwacha barabarani?

Nilimtuma Zolile, mtoto wa baba mdogo, na tawi la umphafa, mti unaobeba roho za wafu, amlete marehemu nyumbani kama tunavyowaleta watu wetu wote. Alilipia viti viwili vya basi, chake na cha tawi. Hakuja kukuamkia kwa sababu mbeba tawi hasemi na mtu mwingine njiani. Jina hatuna, kwa hiyo alisimama lango la hospitali akaita, "Mtu wa figo, twende kwetu." Bawabu akamwambia, "Mzee, wagonjwa wa figo ni ghorofa ya tatu."

Marehemu yuko zizini kwetu sasa, pamoja na mababu. Mbuzi tumechinja. Sakafu ya baba nimeipaka samadi mpya, na maziwa yanaganda kibuyuni yakikungoja.

Dada yako,
Nokwakha

Gugulethu
2 Novemba 2006

Dada,

Nisamehe kimya. Hamjambo hapo? Mimi nilikuwa wodini. Homa, jasho la kulowesha shuka, kilo saba zimekwenda.

Mama mmoja alipewa figo ya pili ya kijana yuleyule. Yeye ndiye aliyeugua kwanza, na kwake wakaona kifua kikuu. Wakanipima, nami ninacho. Kilikuwa kimelala ndani ya kijana, naye hakujua. Figo ya marehemu haingoji. Kuna saa chache tu za kupima, na vipimo vya saa hizo havikioni. Dawa zinazozuia mwili wangu usiikatae figo zimelaza walinzi wangu wote, nacho kikaamka.

Dawa za kifua zinapunguza nguvu ya dawa za figo, kwa hiyo napimwa damu kila baada ya siku mbili. Nilimsimulia daktari habari za nyumbani. Samadi, akatikisa kichwa. Maziwa yasiyochemshwa, akatikisa. Mbuzi? "Aive sana."

Yule mama amefariki juzi. Dada, huyo mliyempokea zizini, nimshukuru au nimshtaki?

Mdogo wako,
Mzimasi

Tsolo
16 Novemba 2006

Mpinga,

Pole, pole sana. Msomi ni wewe, halafu unaniuliza mimi?

Wazee wamegawanyika. Mmoja anasema Zolile aliita vibaya: figo zilikuwa mbili, huenda amemleta nusu mtu. Mwingine anasema mgeni hana kosa, hata yeye hakujua amebeba nini. Mimi nimekwenda zizini nikamgombeza, kisha nikamwomba radhi.

Lakini sikiliza. Samadi nimeibandua, fundi anamwaga saruji. Maziwa nitachemsha mpaka yalie. Mwenye kikohozi hatavuka kizingiti, hata awe mchungaji wa kanisa. Njoo tu.

Dada yako,
Nokwakha

Gugulethu
9 Desemba 2006

Dada yangu,

Natumaini mu wazima. Homa imeshuka, na figo inafanya kazi.

Barua yako nilimsomea daktari. Alisema huyo dada angefaa kusimamia wodi. Kisha akanieleza. Dawa za kifua ni miezi tisa. Baada ya hapo, maadamu figo hii i hai, damu yangu itapimwa hapa, kwa kuwa maabara ya kuipima haipo huko. Ikifa, narudi kwenye mashine, nayo iko hapa. Nilimuuliza kuhusu wiki moja tu. Akasema, "Tata, yule mama alikwenda kwao wiki moja."

Sijui bado kijana yule amenipa nini. Kila siku nakata shauri, na kila siku shauri ni jingine. Hili tu halibadiliki: nataka kuishi.

Nyumba ya baba mpe Zolile na mkewe, walale juu ya saruji hiyo. Mimi sitarudi.

Mdogo wako,
Mzimasi