Nyimbo Bora za Wamono

Jumatatu, 4 Machi 1996. Jinja

"Ni nyimbo zilezile, Mama Amoding. Tumezisafisha tu." Ndivyo Magumba, muuza kaseti, alivyonijibu leo mbele ya wateja. Uongo. Kusafisha sufuria si kununua sufuria nyingine.

Nimesikiliza pande zote mbili za kaseti hii mpya huku nikisahihisha makala yangu ya gazeti. Sauti ni ya mwimbaji Wamono, muziki wake wa kantri wa Kiswahili haujabadilika, gitaa linalia kama zamani. Lakini katika wimbo wa treni, mahali pa kinanda cha mdomo pamewekwa kinanda cha umeme. Kile cha mdomo alikipiga marehemu mume wangu, Okiror, askari magereza. Sina sauti yake nyingine yoyote; kaseti yetu ya zamani ilikatika kanda. Nani kamfuta?

Jumatano, 6 Machi

Magumba ameniona, akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Mteja mmoja akasema, "Huyu mama huandikia hata mbu malalamiko." Wakacheka. Na wacheke.

Namshuku Wamono. Yeye na Okiror waligombana: jina la nani litangulie kwenye jalada. Okiror alikufa hawajapatana. Mwenye kinyongo hungoja.

Jumamosi, 9 Machi. Mbale

Boda boda hadi Nkoma. Wamono amezeeka. Kofia yake pana imetundikwa msumarini, vumbi tupu.

Nikamuuliza wazi: umemfuta kwa makusudi? Akasema studio ilirekodi kwaya juu ya kanda za kwanza, ikabidi aimbe zote upya. "Na wa kupuliza kama yeye ningempata wapi, shemeji?" Jibu tamu mno. Nikadai kaseti yake ya zamani. Hana. Alimpa Magumba amrekodie hizo mpya.

Sikumwamini. Sikunywa chai yake.

Jumatatu, 11 Machi. Jinja

Leo sikugombana. Nilisimama dukani nikatazama. Ubaoni pameandikwa: leta kaseti yako, tukurekodie Nyimbo Bora. Kaseti tupu ni ghali, kwa hiyo kila mtu huleta aliyo nayo. Na nani anayemtaka Wamono? Aliye na Wamono tayari. Anamleta wa zamani, anarekodiwa mpya juu yake.

Nikasogea karibu na meza.

Akaja mwanajeshi, kaseti mfukoni mwa shati. Nikaitambua kwa jalada: Wamono wa zamani.

"Afande, usimpe hiyo."

"Kwani ni bomu, mama?"

Wakati namweleza, Magumba alishaitia mashineni. Inazunguka. Yule afande akaniomba radhi, kwa adabu, bila kujua kwa nini.

Nilikuja kutafuta njama. Nimekuta watu wanaobana matumizi. Hata hivyo Magumba simwamini. Anajua anachofuta, na anapiga mluzi.

Jumapili, 17 Machi. Budondo

Niliambiwa Nabirye, mwenye baa ya hapa madukani, anayo ya zamani. Nimechelewa. Aliirekodisha mwezi uliopita. Akaniwekea hata hivyo, akanipa soda, akatoka kuhudumia watu barazani.

Nyimbo za upande wa kwanza zikaisha. Hakuna aliyegeuza kaseti. Kanda iliendelea kuzunguka, kimya, kisha mkwaruzo mdogo. Kisha Okiror.

Ulikuwa mwisho wa wimbo wa treni, pale Wamono anaponyamaza na kumwacha apulize peke yake. Nyimbo mpya ziliisha kabla ya kanda kuisha, na hapo mwishoni mashine ya Magumba haikufika. Pumzi chache. Nilimsikia akivuta hewa katikati, kama alivyofanya akipanda ngazi. Kisha kitufe kikajifyatua.

Nabirye akauliza, "Nigeuze?" Nikamwambia bado.

Nimemwomba kaseti. Ameniuzia.

Haya yatakwenda gazetini: nawaandikia ninyi, wenye kaseti za zamani za Wamono, wa Nalufenya, wa Budondo, wa Nkoma. Kuanzia kesho nitawaambia barazani kwenu, mlango kwa mlango. Mgongoni mwa kaseti kuna vijino viwili vya plastiki. Vivunjeni kwa ncha ya kisu. Mashine haitaweza tena kurekodi juu yake. Vunjeni kabla hamjaenda kwa Magumba.